Nyasi Zisimame, Miti Isifanane na Ufagio

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini. Wasomaji wanatengeneza modeli za majengo, za reli na za mandhari, na karibu wote wanalalamikia jambo moja. Nyumba zimetoka safi, vipimo viko sawa, lakini nyasi na miti ikishaingia kazi nzima inaonekana ya kitoto. Tumejibu barua saba. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa urefu, kwa sababu wengine wengi wanakwama papo hapo.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nasoma usanifu majengo hapa Mbeya. Nimetengeneza modeli ya bweni kwa skeli ya 1:100. Nyasi ni vumbi la mbao nililolitia rangi ya kijani ya kopo. Mwalimu anasema uwanja unafanana na zulia la sebuleni. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi, Iyunga*

Jibu: Umekosea mahali patatu: ukubwa wa chembe, rangi, na kutandaza kitu kimoja kila mahali.

Tuanze na ukubwa. Kila kitu kigawe kwa 100. Ukoka uliofyekwa ukabaki sentimita 5 unakuwa nusu milimita tu. Vumbi la kiwanda cha mbao lina chembe nyingi za milimita 1 hadi 2, na kwa mtu anayesimama kwenye modeli yako hayo ni mabonge ya sentimita 10 hadi 20. Lichekeche kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Linalopita ni la uwanja, na linalobaki liweke kwa ajili ya vichaka na bustani. Chagua vumbi la paini, kwa kuwa ni jeupe na linapokea rangi. La mninga lina wekundu wake, na ule wekundu unaua kijani, ila linafaa sana kwa njia za vumbi.

Kijani cha kopo ni kikali mno. Jani la kweli lina njano na kahawia ndani yake, na isitoshe modeli ya 1:100 ukiiangalia ukiwa umbali wa mita moja, ni sawa na kuliangalia jengo lenyewe ukiwa mita 100. Kitu cha mbali hupauka. Kwa vikombe 2 vya vumbi lililochekechwa, koroga kwenye nusu kikombe cha maji vijiko 2 vya chakula vya rangi ya maji ya kijani, kijiko 1 cha njano ya udongo na nusu kijiko cha chai cha kahawia. Mimina juu ya vumbi, kisha fikicha kwa mikono yenye glavu mpaka lote lilowe bila kuchuruzika. Ukilikamua na maji yakatoka, ongeza vumbi. Tandaza kwenye gazeti kivulini kwa siku moja au mbili, ukiligeuza. Usilihukumu likiwa bichi, maana rangi hupauka ikikauka, na itakolea tena kidogo ikikutana na gundi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi.

Tengeneza mafungu matatu: hilo la kwanza, la pili lenye njano mara mbili, na la tatu la kahawia na njano bila kijani kabisa. Changanya 5 kwa 3 kwa 1, lakini usichanganye hadi yapotee. Halafu fikiria bweni lenyewe. Pale wanafunzi wanapokatiza kwenda bwaloni nyasi zimekufa, acha udongo mtupu. Karibu na bomba na mtaro weka fungu la kijani peke yake. Chini ya ukuta, maji ya paa yanapodondokea, pana mstari wa udongo uliochimbika. Mistari hiyo midogo ndiyo itakayouondoa uzulia.

Kabla ya hayo yote, ubao upake rangi ya udongo, usiuache mweupe. Weupe ukichungulia kati ya chembe, hakuna rangi ya juu itakayouficha. Udongo halisi ni bora zaidi: ukaange kwenye kikaango kikavu kuua wadudu, upitishe kwenye soksi ya nailoni, unyunyize juu ya gundi. Chukua wa eneo lenyewe, kwa sababu udongo mweusi wa Rungwe na ule mwekundu wa Mafinga haubadilishani.

Gundi nyeupe ya maseremala iwe sehemu 2 kwa maji sehemu 1. Paka eneo la viganja viwili, nyunyiza kwa chujio, gandamiza polepole kwa vidole vikavu, acha usiku kucha, kisha pindua ubao na kuugonga juu ya gazeti. Mwisho pulizia gundi sehemu 1 kwa maji sehemu 4, pamoja na matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo. Bila sabuni, maji yanajikusanya kuwa vishanga juu ya vumbi, yanaviringika na kuchimba mashimo. Sabuni inavunja ule mkazo wa uso wa maji, na gundi inazama moja kwa moja.

Swali: Salaam wahariri. Nimefungua raketi ya kuulia mbu nikaiunganisha na chujio, nipate kusimamisha nyasi kwa umeme tuli. Zinaanguka na kulala kama unga. Nyuzi nimekata mwenyewe kwenye kamba ya katani.
*Fundi simu, Iringa mjini*

Jibu: Ndugu fundi, wazo ni zuri, ila katani ndiyo inayokuangusha. Ukielewa kinachofanyika kati ya chujio na ubao, utaona kwa nini.

Chujio linabeba chaji ya upande mmoja, gundi mbichi ya upande wa pili. Uzi ukiwa katikati unajipanga wima kufuata nguvu ile, unaruka na kuchoma gundi kwa ncha. Ili ujipange, ni lazima chaji iweze kutembea kidogo juu ya ngozi yake. Nyuzi za nailoni za kiwandani hutiwa dawa kwa kazi hiyo. Katani kavu haina dawa, ni nzito, na unene wake haulingani. Hata ingesimama, uzi wa katani una unene wa kama milimita 0.2, ambao kwa skeli ya 1:100 ni bua la sentimita 2. Kwa hiyo katani iache kwa modeli kubwa za 1:35, na uipande kwa mkono: toboa shimo kwa sindano nene, chovya kitita cha nyuzi 8 hadi 10 kwenye gundi isiyo na maji, simamisha, na ukate ncha zisilingane baada ya kukauka. Kwa nyasi ndefu za kiangazi hakuna kinachoipita.

Kwa raketi nunua nyuzi za nailoni za milimita 2, na za milimita 4 kwa juu. Huagizwa mtandaoni, na mfuko mdogo unafanya kazi kubwa. Zaidi ya milimita 4 raketi haiwezi. Mashine zilizotengenezwa kwa kazi hii hufikia volti 10,000 na zaidi, na raketi iko chini sana ya hapo.

Kagua na waya zako. Raketi nyingi zina nyavu tatu, mbili za nje zimeunganishwa pamoja, ya kati iko peke yake. Waya wa wavu wa kati uende kwenye chujio la chuma, si la plastiki. Waya wa nyavu za nje uende kwenye msumari mdogo wenye kibanio. Msumari huo uguse gundi mbichi, tena uhamishe kila unapohamia eneo jipya. Wengi huuchomeka pembeni kwenye gundi ya jana iliyokauka, na hapo njia ya umeme inakuwa imekatika.

Gundi ipakwe nzito, karibu bila maji, eneo la kiganja kimoja. Upepo mkavu wa Iringa wa Agosti hadi Oktoba unaifanya gundi iote ngozi juu ndani ya dakika chache, na uzi hauchomi ngozi, unalala juu yake. Jaza chujio robo tu. Lishike sentimita 2 hadi 3 juu ya gundi, bonyeza, tikisa taratibu. Ukisikia mlio wa cheche, umekaribia mno. Ukiona nyuzi zinadondoka bila kuruka, uko mbali au betri imechoka.

Hali ya hewa nayo ina lake. Masika nyuzi hunyonya unyevu na kushikana, zianike nusu saa. Kiangazi kikali zinakauka kupita kiasi na kung'ang'ania kuta za kopo. Hapo pumua mara moja ndani ya kopo, funga, tikisa. Unyevu kidogo wa pumzi unatosha.

Panda kwanza milimita 2 ya rangi ya majani makavu eneo zima. Ikikauka, pulizia spreyi ya nywele mahali hapa na pale, kisha tia milimita 4 ya kijani kilichopauka. Tabaka la chini lililokufa ndilo linalofanya la juu lionekane hai.

Na usalama, tafadhali. Raketi isiwe kwenye soketi ya ukuta wakati wa kazi. Ukiizima, chaji bado imo kwenye kapasita, kile kifaa cha ndani kinachotunza umeme, kwa hiyo gusisha msumari na chujio mpaka cheche ife kabla ya kushika kitu. Mtu mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo asiiguse, na watoto wakae mbali. Spreyi ya nywele inashika moto: usiwashe raketi mpaka harufu yake iishe chumbani.

Swali: Shikamooni. Ninafundisha jiografia Mafinga. Nataka wanafunzi watengeneze modeli ya shamba la miti kama la Sao Hill, paini 200 kwa skeli ya 1:200. Bajeti ni ndogo sana.
*Mwalimu, Mafinga*

Jibu: Marahaba, mwalimu. Habari njema ni kwamba miti 144 kati ya hiyo 200 haitaonekana shina.

Miti ya mashamba mara nyingi hupandwa mita 3 kwa 3. Kwa 1:200 hizo ni milimita 15. Ukipanga mistari 10 ya miti 20, shamba lako ni kama sentimita 30 kwa 15, na vilele vinagusana. Anayeangalia anaona mashina ya ukingoni tu, ambayo ni 56. Hiyo 56 ifanyeni kwa uangalifu, na ya ndani iwe vijiti vya meno vyenye shungi juu. Mti wa mita 20 unatoka sentimita 10, hivyo kijiti cha meno kipandishwe juu ya kinara cha udongo au boksi, kisionekane kimezama.

Mti wa ukingoni hutengenezwa kama brashi ya kuoshea chupa. Kata waya laini wa kufungia nondo sentimita 28, ukunje katikati. Paka gundi upande mmoja wa waya kwenye sehemu ya shungi, tandaza juu yake nyuzi za katani za sentimita 4 zikiwa zimeachana, funika kwa upande wa pili. Bana ncha mbili kwa plaizi, ingiza kitanzi kwenye ndoano iliyofungwa kwenye drili ya mkono, zungusha polepole. Nyuzi zitatawanyika pande zote. Punguza kwa mkasi, chini pana, juu pembamba.

Kosa la kawaida ni kuweka nyuzi nyingi. Ukiweka nyingi unapata brashi kweli, mti haupatikani. Mwanga lazima upite kati ya matawi. Nyuzi 40 hadi 50 kwa mti zinatosha, na zikionekana chache kabla ya kutia majani, ndipo ziko sawa. Kosa la pili ni kuacha matawi hadi chini. Paini za shambani hupogolewa, kwa hiyo theluthi ya chini iwe shina tupu.

Paini inayojaa mashamba ya Mufindi ni *Pinus patula*, na sindano zake hulegea kuning'inia. Baada ya kupunguza, shika mti kichwa kikiwa juu na uyavute matawi chini kwa vidole vyenye gundi kidogo. Shina lake kwa juu lina wekundu wa machungwa, chini ni kijivu kahawia. Nyunyizia vumbi la mbao lililochekechwa, kijani chenye njano. Kama mnataka na milingoti (mikaratusi) pembeni mwa barabara, shina lake liwe jeupe lenye mabaka, na majani ya kijani cha kijivu yasiwekwe mengi.

Gaweni kazi: kundi moja likate waya, la pili nyuzi, la tatu lizungushe, la nne litie rangi. Anayezungusha azoee kwa miti kumi ya mwanzo, na hiyo iende katikati ya shamba.

Swali: Gundi yangu imekauka nyeupe kama chokaa na nyasi zinapukutika nikizigusa. Gundi ni ileile niliyotumia Januari bila tatizo.
*Njombe*

Jibu: Ni baridi. Gundi nyeupe ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea majini. Maji yakiondoka, chembe zinatakiwa ziungane kuwa utando mmoja, na chini ya nyuzi joto 10 hivi nyingi haziungani, zinabaki unga. Usiku wa Juni na Julai Njombe na Makete unashuka chini ya hapo. Fanya kazi saa nne asubuhi, iache modeli ndani penye joto mpaka ikauke kabisa, na kopo la gundi usililaze stoo. Kilichokwisha kuwa unga hakirudi. Kikwangue, paka upya.

Swali: Wapendwa, nataka shamba la chai na migomba kwa skeli ya 1:87, mazingira ya kwetu Tukuyu. Sponji nimekata vipande, lakini inaonekana sponji tu.
*Dada wa Tukuyu*

Jibu: Dada, kichaka cha chai kinachochumwa kimekatwa juu kama meza, kwa hiyo usifanye viduara. Kata vipande virefu vya sponji ya godoro, kimo milimita 10, ambayo ni kama sentimita 87 za kweli, upana milimita 12, na kati yao acha uchochoro wa milimita 2 tu. Mistari ifuate mkunjo wa kilima. Chovya kwenye rangi ya kijani kizito, kamua, kausha. Kisha nyofoa-nyofoa uso wote kwa kibano, maana sponji inajulikana kwa ule uso wake ulionyooka wa kisu. Paka gundi juu peke yake na unyunyize vumbi laini la kijani cha njano, hayo ndiyo majani machanga. Pembeni pabaki peusi. Acha na vijinjia vya wachumaji, vilivyokanyagwa.

Migomba ni karatasi. Paka rangi karatasi ya daftari pande zote mbili kabla ya kukata. Jani la mita 2 ni milimita 23. Likunje katikati kwa urefu, fungua nusu, chana kingo kwa wembe kuelekea kwenye uti, kwa sababu upepo haumwachii mgomba jani zima. Majani 6 hadi 8 yanatosha, na mawili ya chini yawe ya kahawia yamening'inia kwenye shina. Mgomba usisimame peke yake, upandie watoto wawili chini.

Swali: Nina mandhari ya bonde la Ruaha, 1:72, nyasi za dhahabu na mbuyu mkubwa uliojaa majani. Nimesifiwa, lakini mimi mwenyewe naona kuna kitu hakijakaa.
*Iringa*

Jibu: Jicho lako ni zuri. Nyasi zako ziko kiangazi na mbuyu wako uko masika. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa ukame, kwa hiyo uvue. Utapata kazi nzuri zaidi, kwa sababu matawi yake matupu ndiyo sura yake. Kiini kiwe waya za shaba za ndani ya kebo ya umeme, 60 hadi 80, zisokotwe shinani na kugawanywa juu mpaka zibaki moja moja. Nenepesha shina kwa tishu iliyolowa gundi, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke. Chora mikunjo kwa kijiti tishu ikiwa mbichi. Rangi ni kijivu chenye uwaridi kidogo, si kahawia.

Ukipanda juu kwenye miombo, Septemba na Oktoba majani mapya hutoka mekundu na ya rangi ya shaba kabla ya mvua. Hapo dodoki kavu linafaa kuliko waya. Chambua nyuzi zake ziwe nyepesi kama wingu, bandika vipande kwenye ncha za matawi, pulizia gundi, nyunyiza vumbi la mninga lilivyo, bila rangi. Mwavuli wa miombo ni bapa na una matundu, usiujaze.

Swali: Je, naweza kutumia mimea halisi? Niliyoweka mwaka jana imeliwa na wadudu. Na maua ya Kitulo kwa 1:87 nitayapataje?
*Uyole*

Jibu: Inawezekana, lakini ni lazima iandaliwe. Chukua mashuke ya nyasi na mizizi midogo yenye matawi, kausha kivulini, funga kwenye mfuko wa nailoni, weka kwenye friza siku tatu. Baridi inaua wadudu na mayai mengi. Majani yasivunjike, tumia glisarini ya dukani: sehemu 1 kwa maji ya moto sehemu 2, simamisha mashina mabichi humo wiki mbili mpaka yalegee. Kisha yakaushe vizuri kwa nje kabla ya kupaka rangi, la sivyo rangi itateleza. Kijani cha mimea hufifia haraka, kipake upya kwa rangi ya maji iliyopauka.

Ndani ya Hifadhi ya Kitulo usichume chochote, ni marufuku, na hata hivyo huna haja. Ua la sentimita 5 kwa skeli yako ni milimita 0.6. Hiyo ni nukta. Saga chaki za rangi mbali mbali, gusa ncha za nyasi kwa brashi yenye gundi, nyunyiza. Weka aina moja ya ua kwa mafungu yasiyolingana, kisha aina ya pili pembeni yake. Na nyasi za chini yake ziwe mbichi kabisa, kwa kuwa maua yale huchanua wakati wa mvua.